Maji Yetu na Chaza Wetu Wapimwe Ipasavyo

Kila aliyepita chuoni utotoni, akakaa juu ya mkeka mbele ya mwalimu, alifundishwa mapema mlango wa maji. Tulifundishwa kwamba maji yafaayo kwa tohara ni yale ambayo hayakubadilika rangi yake, wala utamu wake, wala harufu yake. Na kwamba maji mengi yaliyofikia kulateni hayanajisiki mpaka moja katika sifa hizo tatu ibadilike. Hayo ni mafundisho ya ibada, nayo yako mahali pake. Sisi hatuna la kuongeza wala la kupunguza. Lakini wako wengi miongoni mwetu wanaoyachukua mafundisho ya tohara wakayafanya kipimo cha afya. Mtu huchota maji kisimani, akayatazama katika bilauri yanang'aa, akayanusa, akayaonja, kisha akasema: maji haya ni salama, mpeni mtoto anywe. Hapo ndipo penye hatari, na hapo ndipo tunapotaka kuzungumza na wananchi leo.

Wako viumbe ambao hukaa ndani ya maji bila ya kubadilisha rangi, wala utamu, wala harufu. Wataalamu huviita vimelea, kwa sababu vyenyewe haviwezi kujitegemea, bali huishi kwa kumnyonya mwenyeji vinayemwingia. Mmoja katika jamii hiyo ni kriptosporidia. Vijiyai vyake vina ganda gumu, na udogo wake ni wa kiasi cha sehemu tano za elfu ya milimita. Yaani ukivipanga mstari mmoja, vitahitajika vipatavyo 200 kuijaza milimita moja ya rula ya mwanafunzi. Mwingine ni giadia, ambaye mtaalamu wa Kiholanzi, Antonie van Leeuwenhoek, alimwona kwa darubini yake mwenyewe mwaka 1681. Wa tatu ni toksoplasma, ambaye huzaa vijiyai vyake ndani ya matumbo ya paka, na vijiyai hivyo huchukuliwa na maji ya mvua kutoka majalalani na vichochoroni hadi mitoni na baharini.

Swali tunalouliza leo ni hili: je, namna tunavyoyapima maji yetu ya kunywa, na namna tunavyowapima chaza na kombe wanaookotwa katika fukwe zetu, inatosha kuviona vimelea hivi? Jawabu letu ni kwamba haitoshi, na kwamba elimu ya kuviona imekwisha patikana duniani. Kilichobaki ni uamuzi wa kuitumia.

Tuanze na mfano wa mbali, kwani mwenye busara hujifunza kwa msiba wa jirani kabla haujabisha mlango wake. Mwaka 1993 mji wa Milwaukee, katika jimbo la Wisconsin nchini Marekani, ulipatwa na maradhi ya kuharisha ambayo hayakuwahi kuonekana kwa ukubwa ule katika nchi hiyo kwa njia ya maji. Mji ule hunywa maji ya Ziwa Michigan. Ulikuwa na mitambo miwili ya kusafishia maji, yenye machujio ya mchanga, yenye dawa ya klorini, yenye mafundi waliosoma. Mwezi wa Aprili wafanyakazi walianza kukosekana makazini, wanafunzi na walimu wakakosekana mashuleni, na dawa za kuzuia kuharisha zikaisha madukani. Idadi ya walioumwa ilikadiriwa kuwa watu 403,000. Waliopoteza maisha walikuwa makumi, na wengi wao walikuwa watu ambao kinga ya miili yao ilikwisha dhoofishwa na maradhi mengine.

Jambo la kuzingatiwa hapa si idadi peke yake. Maji yaliyotoka katika mitambo ile yalikuwa yametimiza masharti ya sheria ya wakati ule. Yalipopimwa kwa ajili ya bakteria wa kinyesi, bakteria hao hawakuonekana. Karatasi zote zilikuwa safi, na mji mzima ukawa kitandani. Sababu yake ni kwamba klorini, ambayo huua bakteria kwa dakika chache, haina nguvu juu ya ganda la kriptosporidia kwa kiasi kinachotiwa katika maji ya kunywa. Bakteria wakifa na kimelea kikabaki, basi kile kipimo kinachotafuta bakteria hugeuka kuwa shahidi wa uongo bila ya kukusudia. Huthibitisha usalama usiokuwapo.

Kisa hicho kina mkia, na mkia wake ndio unaotuhusu zaidi. Mwanzoni watu wengi waliwatuhumu ng'ombe. Ilisemwa kwamba mvua na theluji iliyoyeyuka vilikokota mavi ya ng'ombe kutoka mashambani hadi mitoni, na kutoka mitoni hadi ziwani. Baadaye, vimelea vilivyohifadhiwa kutoka kwa wagonjwa vilipochunguzwa kwa njia ya vinasaba, ilidhihirika kwamba ni vya ile aina ambayo makazi yake makuu ni matumbo ya binadamu, na ambayo mwaka 2002 wataalamu waliipa jina lake yenyewe, aina ya hominisi, kuitenga na aina ya parvumu inayopatikana kwa ndama na watu pia. Kwa darubini aina hizo mbili hazitofautiki hata kwa jicho la fundi mkubwa. Kwa hiyo tuhuma ikaondoka kwa ng'ombe, ikarudi kwa maji machafu ya watu wenyewe.

Hebu na tueleze kwa ufupi jinsi uchunguzi huo wa vinasaba unavyofanyika, kwani mwananchi ana haki ya kuelewa kile anachoombwa kukiunga mkono.

Kila kiumbe, kiwe mnazi au mbuzi au kimelea kisichoonekana, kina maandishi yake ya urithi ndani ya chembe zake. Maandishi hayo ndiyo vinasaba. Kila jamii ina mistari ambayo haimo katika jamii nyingine. Mtaalamu huchukua maji, si kikombe bali lita kumi au zaidi, akayapitisha katika chujio lenye matundu madogo mno. Kile kilichobaki juu ya chujio hukusanywa, na vijiyai hutengwa na matope kwa kutumia shanga ndogo sana za sumaku zilizopakwa kitu cha kuvinasa. Kisha ganda hupasuliwa, kwa kugandisha na kuyeyusha mara kadhaa au kwa kusaga, ili maandishi ya ndani yatoke. Hapo ndipo huja ile kazi iitwayo PCR, jina ambalo wananchi walilizoea wakati wa maradhi ya UVIKO-19.

PCR ilibuniwa na Mmarekani Kary Mullis mwaka 1983, naye akapewa Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 1993, mwaka ule ule wa msiba wa Milwaukee. Kazi yake ni kunakili. Mstari mmoja wa maandishi hutiwa katika joto, ukaachana pande mbili. Kila upande ukaandikiwa mwenzake. Ikawa mistari miwili. Miwili ikawa minne, minne ikawa minane. Baada ya mizunguko 30, mstari mmoja uliokuwa umepotea ndani ya lita kumi za maji huweza kuwa nakala zaidi ya bilioni moja, na hapo mashine huuona pasipo shaka. Kimeng'enya kinachoiwezesha kazi hiyo kustahimili joto kilitokana na bakteria aliyegunduliwa katika chemchemi za maji ya moto za Yellowstone huko Marekani. Baada ya kunakili, maandishi yenyewe huweza kusomwa herufi kwa herufi, na hapo hujulikana si kwamba kimelea kimo tu, bali ni cha aina gani na aghalabu kimetoka kwa nani.

Sasa tuingie pwani. Wataalamu wa nchi nyingi wameacha kutazama maji peke yake, wakaanza kuwatazama chaza, kombe na kome. Sababu yake ni nyepesi kufahamika kwa kila mtu wa mwambao. Chaza hawindi wala hakimbii. Hukaa mahali pamoja juu ya jiwe au mzizi wa mkoko, akafungua gamba lake, akavuta maji, akachuja chakula chake, akayatoa. Chaza mkubwa, katika hali njema, anaweza kuchuja maji yafikayo lita 200 kwa siku. Yote yaliyomo majini hupita kwake, na yaliyo madogo hunasa katika mashavu yake na katika tezi ya tumbo lake. Kwa hiyo, kumpima chaza mmoja ni sawa na kuyapima maji ya siku nyingi kwa mara moja. Yeye ni chujio la maabara ambalo Mwenyezi Mungu ameliweka pwani bila ya malipo.

Katika miaka ya 1990 wataalamu walivikuta vijiyai vya kriptosporidia katika chaza wa Ghuba ya Chesapeake, mashariki ya Marekani, na majaribio yaliyochapishwa mwaka 1998 yakaonyesha kwamba vijiyai hivyo huweza kubaki hai katika maji ya bahari, na ndani ya chaza mwenyewe, na kumwambukiza kiumbe mwingine. Katika pwani ya California, fisi-maji wa baharini, mnyama ambaye chakula chake ni kome na viumbe wengine wa magamba, walionekana kufa kwa toksoplasma. Na utafiti wa mwaka 2002 ukaonyesha kwamba walioambukizwa zaidi ni wale waliokaa karibu na mahali ambapo maji ya mvua kutoka nchi kavu huingia baharini kwa wingi. Mnyama wa baharini akaumwa maradhi ya paka wa mjini. Ushahidi gani mwingine tunautaka wa kuonyesha kwamba bahari si shimo la kuzikia uchafu wetu?

Hata Ulaya, ambako chaza huliwa wabichi na biashara yake ni kubwa, maeneo ya kuvunia hupangwa madaraja kwa kuhesabu bakteria wa kinyesi. Chaza wakionekana na bakteria, huwekwa katika maji safi ili wajisafishe. Bakteria hutoka upesi. Vimelea huchelewa kutoka. Mtu hutoa hati ya usafi kwa chaza ambaye ameachana na mgeni mmoja na bado amemkumbatia mwingine.

Je, haya yanatuhusu sisi wa mwambao huu? Yanatuhusu sana. Katika Unguja na Pemba, na katika fukwe za Tanga, Bagamoyo, Kilwa na Mtwara, maji yanapokupwa wakati wa bamvua, kina mama hushuka pwani na vikapu vyao kuchokoa. Kazi hiyo ni ya jasho na ya mgongo ulioinama. Ndiyo inayotia kitoweo chunguni siku mume aliporudi na dau tupu, na ndiyo inayonunua daftari la mtoto. Wakati huo huo miji yetu imekua, na katika mahali pengi maji machafu ya vyooni humalizikia baharini, au huzama ardhini katika mawe ya matumbawe yenye nyufa, ambamo maji hupita upesi mno pasipo kuchujwa, yakakutana na visima vyetu. Basi yule anayekunywa na yule anayechokoa wako katika jambo moja.

Wako watakaosema kwamba maradhi haya ni ya Wazungu, nasi tuna malaria na kipindupindu vya kutushughulisha. Kwa hao tunasema: takwimu zinawakanusha. Uchunguzi mkubwa wa maradhi ya kuharisha kwa watoto wenye umri chini ya miaka mitano, uliofanyika katika nchi saba, nne za Afrika na tatu za Asia, na Kenya na Msumbiji zikiwa miongoni mwake, ulichapishwa mwaka 2013. Ulihusu watoto zaidi ya 22,000. Kriptosporidia alionekana kuwa miongoni mwa visababishi vinne vikuu vya kuharisha kukali, na akaonekana kuandamana na hatari kubwa zaidi ya kifo kwa watoto wa umri wa miezi 12 hadi 23. Mwaka 2016 matokeo mengine yakatoka, baada ya sampuli za uchunguzi ule ule kupimwa upya kwa vinasaba. Katika vipimo vya mwanzo sababu ya maradhi ilikuwa imejulikana katika kiasi cha nusu tu ya kesi. Kwa vinasaba ilijulikana katika kiasi cha tisa katika kila kumi. Maana yake ni kwamba kabla ya hapo, karibu nusu ya watoto waliumwa na wengine wakafa bila ya aliyewaua kutajwa jina.

Na mtoto huyo akijulikana anaumwa nini, dawa nayo ni chache. Kwa kriptosporidia iko moja tu iliyokubaliwa huko Marekani tangu mwaka 2002, nayo haina nguvu ya kutosha kwa mtu mwenye upungufu wa kinga. Chanjo hakuna. Kadhalika, idadi ndogo hutosha kuambukiza: katika jaribio la watu wazima wenye afya waliojitolea, lililochapishwa mwaka 1995, ilikadiriwa kwamba vijiyai 132 vilitosha kuwaambukiza nusu yao. Mgonjwa mmoja hutoa mamilioni mengi katika choo chake. Msomaji na afanye hesabu mwenyewe.

Wapo vile vile watakaosema kwamba elimu hii ni ya anasa, haiwezi kusimama katika nchi zetu. Hilo nalo halina nguvu. Maabara ya Afya ya Jamii ya Ivo de Carneri, iliyoko Wawi, Chake Chake, ilifunguliwa mwaka 2000 na imejulikana kwa kazi yake juu ya kichocho na minyoo. Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam imo mjini Zanzibar tangu mwaka 1978. Mashine za GeneXpert, ambazo Shirika la Afya Duniani lilizipitisha mwaka 2010 kwa ajili ya kifua kikuu, zimefanya kazi ya vinasaba katika mahospitali ya wilaya, mbele ya macho yetu, na wauguzi wetu wamezimudu. Katika mwaka 2019 watafiti walichapisha kazi waliyoifanya kwa maji yaliyochotwa Kenya, wakaonyesha kwamba kimelea cha kichocho kinaweza kutambuliwa kwa vinasaba vyake vilivyoachwa majini, bila ya kulazimika kuokota konokono mmoja mmoja na kungoja atoe vimelea vyake kwenye mwanga. Iko pia mbinu iliyobuniwa Ujapani na kutangazwa mwaka 2000, iitwayo LAMP, ambayo hunakili vinasaba katika joto moja lisilobadilika la kiasi cha nyuzi 65, kwa hiyo haihitaji mashine ya gharama kubwa. Vijana wetu waliosomeshwa kwa fedha za umma wanaweza kuyafanya haya. Linalotakiwa ni kupewa kazi, vifaa na agizo lililo wazi.

Lakini sisi hatupendi kumpamba bibi harusi kuliko alivyo. Vipimo hivi vina mipaka yake, nayo yafaa isemwe hadharani. Kwanza, PCR huona maandishi, haioni uhai. Kimelea kilichokufa jana kinaweza kuonekana sawa na kilicho hai leo. Ziko njia za kutofautisha, lakini huongeza kazi na gharama. Pili, nyama ya chaza na matope ya mtoni vina vitu vinavyozuia kunakili, na mashine ikazuiliwa husema "hakuna" hali wako. Kwa hiyo kila sampuli lazima iwe na kipimo cha kuihakiki mashine yenyewe. Tatu, vimelea havikutawanyika majini sawasawa. Sampuli moja isiyoonyesha kitu haimpi mtu ruhusa ya kutangaza usalama. Nne, darubini haijastaafu. Fundi mzuri wa darubini bado anahitajika, na mbinu hizi mbili husaidiana kama mikono miwili.

Sasa tunafika katika jambo tunaloliona kuwa ndilo la msingi. Iko hofu, nayo ina haki yake, kwamba siku vipimo vitakapoonyesha vimelea katika chaza, hatua ya kwanza itakuwa kupiga marufuku kuchokoa. Tunajua jinsi amri za namna hiyo zinavyotoka: karatasi hubandikwa, askari hutumwa, na mama mwenye kikapu hufukuzwa ufukweni, hali bomba la maji machafu linaendelea kumwaga hatua chache kutoka hapo. Sisi tunalipinga jambo hilo tangu sasa. Chaza hakujitia uchafu, wala mama hakumtia. Kumwadhibu anayeokota na kumwacha anayechafua ni dhulma, na dhulma haiwi afya.

Na hapa ndipo thamani kubwa ya vinasaba inapoonekana. Kwa kipimo cha zamani, mtu anaweza kusema tu kwamba "maji yana uchafu", kisha kila mwenye nguvu akamnyooshea kidole asiye na nguvu. Mwenye hoteli atawasema wafugaji, wafugaji watawasema wakaazi wa mtaa wa chini, wakaazi watausema mji. Kwa vinasaba, kimelea chenyewe hutoa ushahidi. Giadia wa kundi A na B huwaambukiza watu. Wa kundi E ni wa mbuzi, kondoo na ng'ombe. Kriptosporidia wa aina ya hominisi huelekeza kidole chooni kwa binadamu. Wa aina ya parvumu hutufanya tulitazame pia zizi. Penye ushahidi wa namna hiyo, hukumu haitegemei tena ukubwa wa sauti. Ng'ombe wa Wisconsin walisafishiwa jina lao kwa njia hii. Na wachokoaji wetu, na wafugaji wetu wadogo, wanastahili kupata haki ambayo hata ng'ombe waliipata.

Kwa hiyo tunapendekeza yafuatayo, tukitaraji kwamba wahusika watayapima kwa uzito wake.

Moja, mamlaka za maji, pamoja na kupima bakteria, ziwe na ratiba ya kupima vimelea katika vyanzo vikuu na katika visima vya umma, hasa baada ya mvua za masika na za vuli, kwani mvua ndiyo mchukuzi wa uchafu.

Mbili, yachaguliwe maeneo ya pwani, machache lakini ya kudumu, ambamo chaza na kombe watachukuliwa kila msimu na kupimwa kwa vinasaba. Yawemo maeneo yaliyo karibu na miji na yaliyo mbali nayo, ili pawe na kulinganisha. Uchaguzi huo usifanywe na wataalamu peke yao. Kina mama wachokoaji washirikishwe, maana hakuna anayeujua ufuo kuliko wao, na walipwe kwa siku wanazofanya kazi hiyo.

Tatu, matokeo yasifungiwe kabatini. Yatangazwe kwa Kiswahili kinachoeleweka, mitaani, misikitini, makanisani, mashuleni na redioni, pamoja na maelezo ya nini kifanyike. Matokeo yanayofichwa kwa kuogopa kuharibu soko au kuwashitua watalii ndiyo yanayokuja kuliharibu soko siku ya siku. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua.

Nne, pale uchafu utakapothibitika kuwa wa binadamu, hatua ya kwanza iwe kwenye bomba na kwenye shimo la choo, iwe ni la hoteli, la taasisi ya serikali au la mtu binafsi, bila ya upendeleo. Kuzuia kuvuna, kama kutalazimika, kuwe kwa muda, kwa eneo lililotajwa, na kwa fidia au kazi mbadala.

Tano, mashine za vinasaba zilizoletwa kwa ajili ya maradhi mengine zikaguliwe. Zile zinazofaa kwa kazi hii zipangiwe saa za kuifanya. Mashine inayofunikwa kitambaa na kungoja janga lijalo ni mali ya umma inayolala.

Wakati hayo yakisubiriwa, mwananchi asikae akafunga mikono. Kinga iliyo bora bado iko jikoni. Maji yakichemka sawasawa, yakafurukuta kwa dakika moja, vimelea hivi hufa vyote. Klorini ya dukani isitegemewe peke yake. Chaza na kombe wachemshwe mpaka waive kabisa, si mpaka magamba yafunguke tu. Anayeuza wabichi kwa wageni ajue dhamana aliyoibeba. Mama mjamzito asile chaza wasioiva, wala asishike uchafu wa paka kwa mikono mitupu. Mtoto anayeharisha apewe maji ya chumvi na sukari mapema na afikishwe zahanati. Na choo kichimbwe mbali na kisima, kwa ushauri wa bwana afya.

Katika nchi hii watu waliwahi kuonyesha kwamba elimu ya afya si mali ya madaktari peke yao. Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, wananchi wapatao milioni mbili walikaa katika vikundi wakisikiliza redio, wakasoma vijitabu, wakajadiliana, kisha wakashika majembe wakachimba vyoo. Hawakungoja kwanza wawe matajiri. Waliambiwa ukweli kwa lugha yao, wakaelewa, wakatenda. Haikuwako PCR wakati ule, lakini lilikuwako jambo ambalo PCR haiwezi kulileta: umma uliokubali kwamba afya ya mmoja imo mikononi mwa mwenziwe.

Tunaitaka elimu mpya ya leo iungane na moyo huo. Wataalamu waingie majini wachukue sampuli. Viongozi waitishe fedha na watoe agizo. Kina mama wa pwani wawe washiriki na wasiwe watuhumiwa. Nasi waandishi tuyachapishe matokeo, yawe matamu au machungu. Kila msimu wa mvua unaopita bila ya kupima ni msimu ambao mtoto fulani ataumwa na sababu yake isijulikane. Kazi hiyo ianze kabla ya masika yajayo.